Bawa la Plastiki na Mkono wa Mchinjaji

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa herufi ninazokosea. Gazeti hili la vijana wa parokia linatolewa fotokopi vilevile lilivyoandikwa kwa mkono, kwa hiyo kila kosa langu linawafikia, na shule yangu iliishia darasa la saba kule Karagwe kabla familia haijarudi nyumbani. Wiki hii nilikuwa nimeanza kuwaandikia juu ya mvua na viazi. Nimeiacha karatasi hiyo. Mchinjaji wetu wa sokoni, yule mwenye mabega makubwa aliyevaa aproni ya turubai, amekufa. Alitoka asubuhi na pikapu kwenda upande wa Kanzenze kununua ng'ombe, na njiani watu wenye bunduki wakatoka kwenye mahindi. Utingo wa gari lililokuwa likifuata, ambaye aliruka na kujificha katikati ya mawe ya volkano, anasema walipiga magurudumu kwanza, halafu kioo, halafu watu, na walipomaliza wakalichoma gari. Tulichozika kilikuwa kidogo. Nasema hivi bila kupamba kwa sababu nyote mmekwisha kuzika watu namna hiyo, na hakuna ninayeweza kumficha.

Wengi mlimjua kwa nyama. Mlijua kwamba alimwangusha fahali kwa kamba na goti, na kwamba shoka lake halikurudi mara ya pili kwenye mfupa uleule. Mlijua pia, ingawa hatukusema kwa sauti, kwamba alikuwa mwepesi wa mkono. Mteja aliyebonyeza nyama bila kununua alipigwa vidole kwa ubapa wa kisu. Mchukuzi mmoja aliyemmwagia maji ya samaki alirushwa juu ya meza, akaokota jino lake kwenye damu ya mbuzi. Nyumbani kwake Nengo majirani walisikia mambo, wakaongeza sauti ya redio. Mwishowe mke wake aliondoka. Alivuka Grande Barrière, kile kizuizi kikubwa cha mpakani, na nguo zake ndani ya kitenge, akaenda kukaa kwa kaka yake Goma. Haya yote yalijulikana. Wachache ndio wanaojua kwamba mtu huyohuyo alikuwa akitengeneza ndege.

Sisemi vile vindege vya mabua ambavyo watoto hukimbia navyo. Zake ziliruka kweli, zikapanda, zikapinda na kushuka kwa amri ya mtu aliyesimama chini na sanduku la rimoti lenye antena ndefu. Hazikuwa na injini wala mkia wala tumbo. Zilikuwa bawa tupu, pana kama mlango, limepinda katikati kama mbayuwayu anapojitupa. Alizikata kwenye yale mabango yaliyobaki baada ya kambi za wakimbizi kufungwa, ya plastiki nyepesi yenye ngozi mbili na mifereji katikati, ambayo Goma watu waliyauza kama dari. Mimi nilimjua kwa sababu ya gundi. Ninashona viatu nyuma ya soko, na siku moja alikuja akatupa kipande cha bango juu ya meza yangu.

"We fundi, bandika hii."

"Haishiki, mzee. Plastiki ya namna hii inakataa gundi."

"Sikukuuliza kama inakataa. Mi pia nakataa vitu mingi na watu wananibandika tu."

Nikaikwaruza kwa msasa, nikapaka, nikaiacha ikauke mpaka isishike kidole, ndipo nikaibana. Akaivuta kwa mikono yote miwili, ikaachia pembeni. Basi nikachukua sindano na uzi wa nailoni, nikaizungushia mshono kama soli. Alicheka mpaka wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakageuka. "Yewe, ndege yangu inavaa kiatu." Tangu hapo mabawa yote tulishona. Yeye alikata. Kisu cha kuchunia ngozi alikipitisha juu ya mfereji mmoja, akapasua ngozi ya juu peke yake bila kugusa ya chini, akakunja, na hapo ukawa ukingo wa mbele. Nyuma alifanya vivyo hivyo, na vipande viwili vya mwisho vikawa vinapinda juu na chini bila bawaba. Ndani alitia ufito wa mwanzi. Puani alifunga betri na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, kisha akaliinua bawa kwa ncha za vidole na kufumba macho, kama anavyopima paja la ng'ombe. Pua ikiwa nyepesi bawa hujipindua mara linapotupwa. Bawa lake la kwanza lilibaki na nusu ya maandishi ya bango upande wa chini, LATRI, kwa hiyo kila mtu aliyeinua kichwa alijua limetoka kwenye mlango gani.

Rimoti zilitoka kwa muramu wake, yaani shemeji, kaka wa yule mke aliyeondoka. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja Goma, na mzungu alipohama alimwachia masanduku mawili ya rimoti na vidude vyake vyote. Mara ya kwanza alivuka kuja kusema kwamba dada yake harudi. Walisimama mbele ya bucha, mmoja na shoka, mwingine mikono mitupu, na sisi wa vibanda vya karibu tukaanza kuondoa vitu vyetu. Kisha yule muramu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuchoka, akasema: "Bon. Unapenda kupiga? Mi niko na kitu cha kupiga. Njoo tupigane kule juu, mutu asiumie." Akampa sanduku moja la rimoti, jingine akabaki nalo, na ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili baada ya misa, upepo wa ziwa unapopanda mteremko wa juu ya Nengo, walitupa mabawa yao na kuyapiganisha hewani mpaka moja lianguke. Na walipatana jambo moja, mimi nikiwa nimekaa pale na sindano zangu. Muramu alisema: "Nitaangalia mukono yako. Siku nitaona imepoa, nitamuleta dada. Mbele ya hapo, hapana." Mchinjaji akajibu: "Angalia. Itapoa." Alimtaka mke wake arudi kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine.

Jumapili ya kwanza askari wa kituo cha juu walitoka mbio bunduki zikiwa mbele. Wakati ule risasi zilisikika milimani karibu kila siku, na kitu cheupe kinachozunguka bila sauti juu ya mji hakikumfurahisha askari yeyote. Mkubwa wao akamwelekezea mchinjaji mdomo wa bunduki kifuani.

"Hiyo ni nini huko juu?"

"Ni latrini, afande."

"Umesema nini?"

"Latrini. Soma mwenyewe chini yake."

Afande akasoma. Askari mmoja nyuma yake akashindwa kujizuia kucheka, na tukapona. Baada ya hapo wakawa watazamaji wetu, wakachagua pande, wakawa wanapiga kelele za kuchinja: mkate shingo, mpasue, mmalize. Na hakika kilikuwa kitu cha kutisha kukitazama. Mabawa yalipanda mpaka yakawa madogo, kisha mchinjaji akainamisha pua ya lake, likashuka likilia kwa upepo kama turubai inayochanika, likaingia ubavuni mwa la muramu kwa kishindo kilichosikika mpaka chini barabarani. Plastiki haivunjiki upesi kama mbao. Inapinda, inapasuka kidogo, inarudi tena kupigana. Mchinjaji alipopiga, meno yalionekana yote na mishipa ya shingo ilisimama, na mimi pamoja na wote waliokuwepo tulisema: afadhali. Hasira inatoka kule juu, nyumbani hakutabaki kitu. Wiki zikapita. Sokoni ikasemwa kwamba mchinjaji hajampiga mtu. Muramu naye alianza kusema "labda".

Halafu mapigano yakakoma kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya mahindi. Ndani ya kila rimoti kulikuwa na kristali, na hiyo ndiyo inayoamua rimoti na ndege yake zisemezane kwa njia gani. Ya muramu ilivunjika bawa lake lilipojipiga kwenye mwamba. Fundi wa Goma alimtafutia nyingine, nayo ikawa ya njia ileile ya mchinjaji. Maana yake ni kwamba rimoti mbili zikiwashwa pamoja, ndege inasikia amri mbili kwa mara moja, inachanganyikiwa na kuanguka. Basi wakaanza kurusha kwa zamu, na ili pasiwe na ubishi mchinjaji alileta mfupa wa ubavu wa ng'ombe, umechemshwa na kukwanguliwa ukawa mweupe. Aliye na mfupa ndiye awashe. Asiye na mfupa asiguse swichi, hata kama mfalme amemwambia awashe. Kwa kuwa kuendesha kunataka mikono miwili, aliyekuwa zamu aliushika mfupa kwa meno. Askari waliona jambo hilo linachekesha kuliko yote. Lakini mchinjaji hakucheka tena sana. Hakuwa na wa kumpiga. Alianza kulituma bawa lake kuwafukuza mwewe, na siku alipomgonga mmoja na manyoya yakaanguka juu yetu, alitafuna mfupa na macho yake yakawa kama ya siku za bucha.

Jumapili ninayotaka kuieleza, muramu alikuja peke yake akasema dada yuko upande wa pili wa barrière na begi lake, anangoja. Angemfuata baada ya kurusha kidogo, kwa sababu upepo ungekufa mapema. Mchinjaji alikuwa amepika mbuzi na kununua kitenge kipya. Alirusha wa kwanza. Akapata mwewe wa kufukuza, akaenda naye juu ya mikaratusi, akarudi, akaenda tena. Muramu alisubiri na bawa lake miguuni.

"Muramu, leta mufupa. Dada iko anasimama kwa jua."

Mchinjaji alitikisa kichwa tu, mfupa mdomoni.

"Umekula zamu yako na yangu. Leta."

Akaguna kitu tusichokisikia. Askari mmoja akasema, "Ng'ombe hawezi kujibu, yuko anatafuna." Watu wakacheka.

"Donc mi nisimame hapa kama muti?" Muramu akavuta antena yake. Baadaye alisema alitaka tu kutazama mshale wa betri kama unapanda, na mimi namwamini, kwa sababu kidole chake kilikwenda kwenye swichi huku anamtazama mtu mwingine. Lakini aliwasha. Bawa la mchinjaji lilitetemeka, likalala upande, likajigeuza chali na kushuka moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe wa shamba la chini. Mshono ulishika. Plastiki yenyewe ilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Mchinjaji aliweka sanduku lake chini taratibu, na nilidhani amejizuia. Kisha akautoa mfupa mdomoni, akampiga nao muramu wake usoni. Sauti yake haikufanana na kofi. Muramu alianguka kwa magoti, akapigwa tena shavuni, akapigwa sikioni, na alipojikunja akapigwa mgongoni mpaka mfupa ukakatika, ndipo zikaja ngumi. Askari waliokuwa wakicheka walimrukia, wakampiga vitako vya bunduki kichwani na mbavuni, na hata hivyo hakuachia ukosi wa shati mpaka walipomkanyaga kiwiko. Taya ya muramu ilikuwa imehama mahali pake. Aliponitazama alitaka kusema kitu na mdomo ukafunguka kwa upande.

Nilimshika mkono tukashuka mpaka Grande Barrière. Dada yake alikuwa upande ule wa kamba, begi chini, amesuka nywele upya. Watu wa magendo na wauza samaki walitupisha walipoona damu. Alimtazama kaka yake. Akauliza, "Ni yeye?" Kaka akainamisha kichwa. Alinyanyua begi akaliweka kichwani, akamshika kaka yake kiunoni, wakageuka wakaenda.

Mchinjaji alikuja kwangu kesho yake, jicho limefungwa, na vipande vya bawa kwapani. Alitaka nishone. Nikamwambia plastiki iliyopasuka kukata mifereji haishoneki. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasema maneno ambayo tangu siku ile sijaacha kuyawaza.

"Mufupa ilikuwa kwangu, fundi. Yeye hakuwa na mufupa. Kila mutu aliona."

"Niliona, mzee."

"Basi kosa iko wapi?"

Hakuwa ananidanganya. Aliamini hivyo, na nadhani alikwenda nayo imani hiyo mpaka kwenye mahindi ya Kanzenze. Kanuni ilikuwa yake, zamu ilikuwa yake, na kwa hiyo taya ya mwenzake ikawa yake pia. Nimekaa miezi hii nikitazama watu mbele ya kibanda changu, na naona kwamba mpigaji wa bure, asiye na sababu, sijamwona bado. Anayempiga mchukuzi anasema alimkanyaga. Anayempiga mke anasema chakula, au maneno, au jirani. Hata waliolichoma lile gari, ukiwauliza, watakueleza kwa utulivu walichokuwa wamekishika kwenye meno. Sisi pale mteremkoni tulisema hasira inatoka kama usaha, ukiukamua jipu linakwisha. Haikuwa hivyo. Mkono ule ulikuwa unafanya mazoezi. Asubuhi ulichinja, Jumapili ulipasua mabawa huku sisi tukishangilia, na siku ulipokosa bawa la kupasua ulichukua kilichokuwa karibu.

Siku ya mazishi mlikuwepo wengi. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema alikuwa mpole, mtu wa watu, baba wa soko. Mchukuzi aliyeng'olewa jino alisimama pia akasema vivyo hivyo. Ni desturi yetu, na mimi nilikuwa najiandaa kuandika hayohayo hapa. Lakini mke wake alikuwa amevuka. Alisimama nyuma kabisa, na watu walipotawanyika alinifuata mpaka kibandani, akavua kandambili lililokatika akanipa, akakaa pale alipokaa mumewe.

"We ndiye unaandikaka ile karatasi ya kanisa?"

"Ndiyo, dada. Pole sana."

"Utaandika nini juu yake?"

Nikamwambia nitaandika juu ya zile ndege.

"Zilikuwa zinaruka muzuri kweli?"

"Vizuri sana, dada. Watu walipanda kutoka mjini kuja kuona."

"Mi sikuona hata moja. Mi niliona tu mukono." Alinyoosha mkono wake mwenyewe mezani, na kidole kimoja kilikuwa kimeunga vibaya, kinatazama pembeni. "Wanasema kama ningerudi hangeenda Kanzenze, angekaa na mimi nyumbani. Mama yake ameniambia hivyo pale kaburini, mbele ya watu."

Nikaendelea kushona.

"Ningerudi, ni mimi mungezika. Na mungesimama pale pale kusema yeye ni mupole, analilia bibi yake sana. Andika hiyo."

Nimeiandika. Nilimpenda mtu yule, na nitakumbuka kisu chake kikipita juu ya mfereji mmoja bila kugusa ngozi ya chini, kwa sababu kumbe alijua kuzuia mkono alipotaka. Hapo ndipo panaponiuma. Na pale kaburini walikuwepo vijana wengi wa umri wangu, wamesimama wanasikiliza. Walichojifunza siku ile ni kwamba mtu anaweza kuvunja kidole cha mkewe na taya ya shemeji yake, na siku ya mwisho mji mzima ukampamba. Tukiendelea kuwasema wafu hivyo, tunawafundisha walio hai. Tuseme alichoweza na alichofanya, vyote viwili, halafu tumwombee.

Naomba mniandikie. Karatasi itieni kwenye sanduku la mlango wa kanisa, au nileteeni nyuma ya soko. Mnaodhani nimemkosea marehemu niambieni, nitayaweka hapa maneno yenu. Na dada yeyote ambaye majirani huongeza sauti ya redio kwa ajili yake, kama hujui kuandika, njoo na kiatu chochote. Utasema, mimi nitaandika, na jina lako sitaliuliza.